Socrates, Epicurus au Epictetus: mtoto aanze na nani?

Ukiuliza watu uanze na mwanafalsafa gani wa Ugiriki ya kale kwa mtoto wa miaka mitano, saba, tisa hivi, wengi watakutajia jina moja tu, Socrates, na ukiwauliza kwa nini yeye watakujibu si ndo yule maarufu. Mi nakubaliana nao nusu. Hapa nawalinganisha watatu, Socrates, Epicurus na Epictetus, afu mzazi au mwalimu wa awali au shangazi aliyeachiwa watoto wa kaka zake likizo nzima ataamua mwenyewe. Ila niseme mapema ninavyoona mimi: wengi wanachagua kwa kuangalia akili ya mtoto wakati kinachotakiwa kuangaliwa kwanza ni mtu mzima atakayekaa na huyo mtoto, anaweza kuvumilia nini.

Kwa wasiowajua, haraka haraka. Socrates ni mtu wa Athens, baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe, mama yake mkunga, hakuandika kitabu chochote, tunamjua kupitia maandishi ya wafuasi wake kama Plato na Xenophon, na mwaka 399 KK raia wenzake walimhukumu anywe sumu. Epicurus alizaliwa 341 KK kisiwani Samos, akaja kuishi Athens kwenye nyumba yenye bustani pamoja na marafiki zake, wanawake na watumwa nao walikaribishwa kitu ambacho enzi zile hakikuwa cha kawaida, akafariki 270 KK. Epictetus ni wa baadaye sana, karne ya kwanza kwenda ya pili BK, alitokea Hierapolis ambako leo ni Uturuki, alikuwa mtumwa Roma, akaja kupata uhuru, Kaisari Domitian akawafukuza wanafalsafa mjini naye akaenda kufungua shule Nicopolis, Ugiriki. Naye hakuandika, tulichonacho kiliandikwa na mwanafunzi wake Arrian.

Naanza na Epicurus maana kwa wadogo kabisa, chekechea mpaka darasa la pili, sijaona anayemfikia. Anasema raha ya kweli ni mwili usiumwe na moyo usiwe na wasiwasi, na kwamba vitu tunavyovitaka viko mafungu matatu: vya asili na vya lazima, vya asili ila si vya lazima, na visivyo vya asili wala vya lazima. Mtoto usimwambie hivyo. Chukua vikapu vitatu au mabeseni, hiki cha vitu ambavyo mtu akikosa anaumia, hiki cha vitu vitamu ambavyo hata ukikosa unalala vizuri tu, na hiki cha vitu ambavyo hata upewe vingi vipi bado unataka vingine, afu muanze kupanga. Maji, ugali, pilau, barafu ya ubuyu, rafiki, simu, kusifiwa na kila mtu. Ugomvi unaanza hapo hapo na ndo tunaoutaka. Sweta linaenda wapi? Mtoto wa Uyole au wa Makete, huku kwenye baridi, mwezi wa saba atakuambia sweta ni lazima kama ugali, binamu yake aliyepanda kutoka Kyela kule kwenye joto anamshangaa, yeye sweta analiona kwa wageni. Kwa iyo lazima inabadilika kutokana na mahali? Haya, na rafiki je, yuko kikapu gani Kyela na kikapu gani Makete? Wakifika hapo wameshaanza falsafa na hamna aliyetamka neno falsafa, na Epicurus mwenyewe angefurahi maana alisema katika vyote ambavyo hekima inampa mtu ili aishi vizuri, kikubwa kuliko vyote ni urafiki.

Stori nayo anayo nzuri. Alikuwa anakula mkate na maji, akamwandikia rafiki yake amletee jibini kidogo ili siku akijisikia kula karamu ale. Karamu yake ni jibini kidogo! Huku jibini inatengenezwa Njombe ila watoto wengi hawajawahi kuionja, weka karanga za kukaanga, stori inabaki ile ile. Na ukiwa na wasiwasi kwamba mtoto wako ni mdogo mno, ana barua kwa mtu anaitwa Menoeceus ambayo inaanza kabisa kwa kusema kijana asichelewe kuanza falsafa na mzee asichoke nayo.

Tatizo la Epicurus liko kwa wakubwa. Wengi wamesikia kwamba ni mtu wa starehe, ponda mali kufa kwaja, kumbe ni kinyume chake kabisa, lakini bibi akisikia mnawafundisha watoto falsafa ya raha utajieleza mpaka jioni. La pili ni zito zaidi. Mchezo wa vikapu kwenye darasa lenye watoto mchanganyiko unataka macho. Kuna mtoto hana sweta kweli, kuna mwingine viatu vimepasuka, ukiruhusu wenzake waamue kwa kura kwamba viatu ni kikapu cha pili huyo mtoto hajafundishwa kuridhika, amefundishwa kunyamaza. Darasani mi ningetumia picha au vitu vya mhusika wa hadithi, sungura anahama nyumba abebe nini, visiguse begi la mtu yeyote. Nyumbani hilo halipo sana, nyumbani kuna lingine, siku mko kwenye bajaji mnatoka Mwanjelwa na mfuko una vitu kibao mtoto atakuuliza kwa sauti mbele ya dereva, mama hizo nywele za bandia ziko kikapu gani. Uwe na jibu.

Epictetus sasa. Huyu ana wazo moja ambalo linaeleweka kwa dakika mbili na linatumika miaka yote: kuna vitu viko kwenye uwezo wetu na kuna vitu haviko. Mpira ulipangwa saa kumi, mvua ikashuka, na mvua ya Mbeya ikiamua haiangalii ratiba ya mtu. Mvua yako? Hapana. Kukasirika kwako? Hapo anafikiri. Kushindwa gololi kwako? Hapo ndo patamu, maana kushindwa nusu kunamhusu yeye na nusu kunamhusu mwenzake aliyelenga vizuri, na kuna siku jiwe tu limeipotosha gololi njia, kwa iyo mtoto mwenyewe anaanza kukata vipande vipande, hiki changu hiki si changu. Kwa miaka sita mpaka kumi hivi, yule anayepindua meza akishindwa, huyu ndo mwalimu wake.

Stori yake ya taa nayo watoto wanaielewa hasa zile siku umeme umekatika mko na kibatari. Alikuwa na taa ya chuma nyumbani, usiku akasikia kitu dirishani, kushuka anakuta taa imeibiwa. Akajisemea basi, kesho nitapata ya udongo. Na anasema mwizi yeye kailipia taa bei kubwa sana, kwa taa moja kakubali kuwa mwizi. Waachie hapo, usiwaeleze, watagombana wenyewe nani kapata hasara. Mtoto wa miaka sita anasema kapata hasara aliyeibiwa na mkubwa wake anaanza kusita. Afu kuna kichekesho, mwandishi Lucian anasimulia kuna mtu alikuja kuinunua ile taa ya udongo baada ya Epictetus kufariki kwa drakma (hela ya Ugiriki ya zamani) elfu tatu, akidhani akisomea taa hiyo atapata hekima.

Na kwa ndugu wanaogombana kuna ile ya mishikio miwili. Anasema kila jambo lina mishikio miwili, mmoja unabebeka na mwingine haubebeki, ndugu yako akikukosea usilishike jambo kwa upande wa kwamba kakukosea, lishike kwa upande wa kwamba ni ndugu yako, mmelelewa pamoja. Chukua kikapu, ukate au ulegeze mshikio mmoja, waambie wabebe viazi. Wanaona kwa mikono yao.

Lakini kati ya hawa watatu Epictetus ndo rahisi kuliko wote kutumiwa vibaya, na sisi tuna historia hiyo, mwanaume halii, vumilia, nyamaza. Mtu mzima mvivu atalipenda hili wazo kwa sababu linafanya nyumba itulie. Mtoto kapigwa na mkubwa wake njiani, anakuja analia, unamwambia hilo haliko kwenye uwezo wako mwanangu, hapana jamani, hapo umeliua. Kusema kuko kwenye uwezo wake, kuja kwako kuko kwenye uwezo wake, na hilo mwambie kabla ya yote. Sheria ninayoipendekeza ni kwamba maneno ya Epictetus anayatumia mtoto kwa ajili yake mwenyewe au mzazi kwa ajili ya mzazi, mfano gari limekwama matope unajisemea kwa sauti, barabara si yangu, hasira ni yangu. Ukianza kuyatumia kumnyamazisha mwingine umehama. Kuna pia stori kwamba bwana wake alimpinda mguu mpaka ukavunjika na yeye katulia tu, wengine wa zamani wanasema kilema chake kilitokana na ugonjwa, vyovyote vile mi kwa watoto siitoi, inafundisha kitu ambacho sitaki wajifunze.

Haya, Socrates. Huyu hana wazo moja la kumpa mtoto, ana namna ya kuuliza, na hapo ndo wengi wanapokwama kwa sababu wanatafuta somo la kufundisha na somo halipo. Ana zoezi moja ambalo kwa mtoto wa miaka tisa, kumi, sioni kinacholishinda. Liko kwenye mazungumzo ya Plato yanayoitwa Meno. Socrates anamwita kijana mtumwa wa nyumba ya Meno, hajawahi kufundishwa jometri, anamchorea mraba chini, kila upande futi mbili, kwa iyo ndani unapata vimraba vinne. Anamuuliza, tukitaka mraba mwingine wenye eneo mara mbili ya huu, yaani vimraba nane, upande wake uwe na urefu gani? Kijana anajibu fasta, mara mbili, futi nne. Wakichora wanakuta kumi na sita. Basi futi tatu. Wakihesabu wanakuta tisa. Hapo kijana anakiri kwamba hajui, na Socrates anageuka kumuuliza Meno, unaona kafika pazuri kuliko alipoanza? Mwanzo alikuwa hajui ila anajiona anajua.

Hilo linafanyika kwenye vumbi la uani kwa vijiti. Usitoe jibu, tafadhali. Waache na zile kumi na sita na tisa hata siku nzima, wengine watalala nalo. Jibu ni kuchora mraba mpya juu ya mstari unaotoka kona mpaka kona ya ule wa kwanza, na ukitaka kulionyesha kwa mikono chukua karatasi ya mraba, kunja kona zote nne zikutane katikati, unapata mraba mdogo ambao ni nusu ya karatasi nzima, fungua ule mkubwa ni mara mbili ya mdogo na mikunjo inaonekana. Kukosoa kidogo, Socrates pale anadai hafundishi anauliza tu, ila ukisoma vizuri maswali yake mengine ni ya si ndivyo, ndivyo, si ndivyo, anamvuta kijana kamba. Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi yake kwa kukaa kimya muda mrefu.

Kwa wadogo kidogo, miaka saba nane, kuna swali la ushujaa. Kwenye mazungumzo ya Laches wazazi wanajiuliza kama watoto wao wa kiume wafundishwe kupigana na silaha nzito, wanawaita majenerali wawili, Socrates anauliza tu ushujaa ni nini. Laches anasema shujaa ni anayesimama kwenye mstari hakimbii. Socrates, na wanaopigana huku wanarudi nyuma je? Kwa watoto wetu: mbwa wa jirani katoka getini, kukimbia ni woga? Kusimama ni ushujaa au ujinga? Kumwambia mwalimu kwamba rafiki yako kaiba penseli ni ushujaa au usnichi? Mazungumzo ya Plato yanaisha bila jibu, na yenu yanaweza kuisha hivyo hivyo, watoto hawana shida na hilo, wenye shida ni sisi.

Maana huyu mtu anahitaji mtu mzima wa aina yake. Huku kwetu mtoto akiuliza kwa nini mara tatu mfululizo anaambiwa ana mdomo. Sisemi adabu ni mbaya, shikamoo inakaa pale pale, na mtoto anaweza kumuuliza babu swali gumu kwa heshima zote, nimeona babu mmoja wa Tukuyu anayefurahia hayo kuliko hata mkwewe. Lakini ukimfungulia mtoto mlango wa Socrates Jumamosi halafu Jumatatu ukamfokea kwa kuuliza, amejifunza kwamba maswali ni mchezo wa Jumamosi. Kwa iyo jiulize wewe kwanza: mtoto akikuonyesha mbele ya wageni kwamba ulichosema asubuhi na unachosema sa hivi havikai pamoja, unaweza kucheka ukasema umenipata? Kama huwezi, anza na Epicurus na hamna aibu yoyote. Kama hasira zako ziko karibu, anza na Epictetus, ila mwanafunzi wa kwanza uwe wewe. Socrates mpe mtoto wako kama unapenda kubishana na hujali kushindwa.

Mahali pia panasaidia kuchagua. Epicurus alikuwa mtu wa bustani, yeye anaenda vizuri shambani mkipukuchua mahindi au chini ya mparachichi. Socrates alikuwa mtu wa sokoni na barabarani, anataka kutembea na kukutana na watu, kama uko Iringa panda nao jiwe la Gangilonga ambako inasemekana Mkwawa alikuwa akienda kutafakari, mji wote unaonekana chini, maswali yanakuja yenyewe. Epictetus hana ratiba, anakuja siku kitu kimevunjika.

Dini, maana najua mtaniuliza, nyanda za juu hizi ni Moraviani, KKKT, Katoliki, Wasabato, na misikiti pia. Kwa nyumba ya wacha Mungu Epictetus ndo anaingia bila kugonga, anamzungumzia Mungu kama baba na anasema tumshukuru, jina analotumia ni Zeus lakini moyo wa maneno bibi ataupokea. Socrates alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuharibu vijana, kwa mtoto mkubwa hilo lenyewe ni swali zuri, je, kuuliza ni kuharibu? Epicurus alisema miungu ipo ila haijishughulishi na mambo yetu, hapo wewe chukua vikapu uache teolojia.

Kifo nacho, kwa ufupi. Stori ya Socrates inaishia kwenye kikombe cha sumu na huwezi kuificha milele, mi naona miaka tisa kwenda juu, na ukifika hapo simulia na Crito, rafiki aliyekuja gerezani kumwambia mipango ya kutoroka iko tayari na Socrates akakataa kwa sababu ya sheria za mji wake. Watoto wote, wote, watasema angetoroka. Muulize kwa nini. Epicurus naye ana hoja kwamba kifo si kitu kwetu, tukiwepo hakipo, kikiwepo hatupo, na hoja hiyo usimpe mtoto aliyetoka kwenye msiba wa bibi yake, anataka kukaliwa karibu, hoja itasubiri.

Na kuna Diogenes wa Sinope, mwanafalsafa mwingine wa Ugiriki ya kale. Huyu simweki kwenye mashindano kwa sababu nusu ya stori zake hata kwa watu wazima unapunguza sauti, ila zile nusu nyingine ni dhahabu kwa nyumba yenye watoto wa umri tofauti. Alikuwa anaishi kwenye mtungi mkubwa Athens. Alimwona mtoto anakunywa maji kwa viganja, akatupa kikombe chake akisema mtoto kanishinda. Na ile ya kuku: Plato alisema binadamu ni kiumbe mwenye miguu miwili asiye na manyoya, watu wakapiga makofi, Diogenes akaja na kuku aliyenyonyolewa, huyu hapa mtu wa Plato. Ikabidi waongezee, mwenye kucha pana.

Mtoto wa miaka minne anacheka kuku, wa saba anajaribu kutoa maana yake ya binadamu, wa kumi anatafuta mnyama wa kuivunja. Anayesema binadamu ni anayeongea anauliziwa kasuku na mtoto mchanga, anayesema ni anayepika anauliziwa baba. Kwetu ifanye siku kuku ananyonyolewa kweli, maji ya moto yapo, watoto wote wamejaa pale jikoni hata bila kuitwa.